Windows 10 imeachwa: yanayosemwa madukani na ukweli wake

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikoma kutoa masasisho ya bure ya Windows 10, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliokuwa sokoni tangu Julai 2015. Steshenari, duka la dawa, ofisi yenye kompyuta moja ya hesabu: wote wameguswa. Maneno yanayozunguka ni mengi, na baadhi yanawala wenye mtaji mdogo.

"Mbona yangu inawaka vizuri tu?"

Na itaendelea kuwaka. Kilichokoma ni viraka vya usalama, yaani masasisho yanayoziba matundu (udhaifu) ya mfumo, vilivyokuwa vikija kila mwezi. Microsoft inapoziba tundu kwenye Windows 11, mhalifu anaweza kulinganisha faili la zamani na jipya, akaona palipozibwa, kisha akalitafuta tundu hilohilo kwenye Windows 10, maana mifumo hii miwili ina mengi ya pamoja. Mwenye duka haoni dalili yoyote mpaka siku mafaili yanapogoma kufunguka.

"Nina antivairasi."

Endelea nayo. Defender, antivairasi inayokuja na Windows, itapokea taarifa za virusi vipya hadi 2028. Lakini antivairasi hukagua mafaili na mienendo ya programu; tundu lililomo ndani ya mfumo haiwezi kuliziba.

Kumbuka WannaCry, kirusi cha kudai fidia. Kiraka cha tundu kilichopitia kilitolewa 14 Machi 2017. Shambulio lilianza 12 Mei, karibu miezi miwili baadaye, likafunga mafaili na kudai malipo katika nchi nyingi; Uingereza hospitali zilifuta miadi ya wagonjwa. Halikuhitaji mtu abofye chochote, lilipita kwenye mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Nyingi ya zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilihudumiwa, ila wenyewe hawakuwa wameweka kiraka. Kwa hiyo anayezima masasisho ili kuokoa bando yuko hatarini hata akiwa na Windows 11.

"Basi ni lazima ninunue kompyuta mpya."

Kagua kwanza, tafadhali. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, Secure Boot (kinga ya wakati kompyuta inapowaka), RAM ya GB 4 (kwa kazi za ofisi mimi nasema 8 isipungue), na prosesa iliyomo kwenye orodha ya Microsoft; kwa Intel, karibu zote ni za kizazi cha 8 kuendelea. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc. Ukiambiwa TPM haipatikani, usikate tamaa: mara nyingi ipo ila imezimwa kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), kwa jina la PTT kwenye Intel au fTPM kwenye AMD. Kabla fundi hajagusa BIOS, hakikisha kama BitLocker (kufuli la Windows la kufunga diski) imewashwa, na uwe na ufunguo wake wa kurejesha mkononi. Bila huo unaweza kufungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe. Kwa mashine inayokidhi masharti na yenye leseni halali ya Windows 10, kuhamia 11 ni bure.

"Hii used imeshapigwa Windows 11, haina shida."

Hapa wengi wanaumia. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha 6, G4 ya 7, na G5 nyingi ndizo za 8. Fundi anaweza kuruka ukaguzi akapiga Windows 11 kwenye G3, na ikafanya kazi, lakini Microsoft haiihakikishii mashine hiyo masasisho. Usiamini kibandiko. Fungua Settings, System, About, usome jina la prosesa. Ukikuta i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6: usikubali kuuziwa kwa bei ya mashine ya Windows 11. i5-8250U inafaa.

"Nitalipia muda wa ziada."

Inawezekana, Microsoft inauza viraka vya Windows 10 vya muda wa ziada. Kwa biashara ni dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, na bei hujirudufu kila mwaka hadi miaka 3, jumla dola 427. Ukichelewa kujiunga, unalipia na mwaka uliopita. Kwa duka dogo naona inafaa kununua mwaka mmoja wa kujipanga tu. Zaidi ya hapo, afadhali kubadilisha mashine.

"Nitaichomoa kwenye intaneti."

Hupunguza hatari, lakini flashi za wateja bado zinaingia. Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nayo ni bure na inatosha kwa barua na kuperuzi, ila Tally, programu ya hesabu, imetengenezwa kwa Windows, kwa hiyo uliza programu yako ya hesabu kwanza.

Kama huwezi kubadilisha zote kwa mpigo, anza na ile unayoingilia benki na kulipia kodi. Na kabla ya kugusa yoyote, nakili mafaili kwenye diski ya nje, yafungue kwenye kompyuta nyingine uone yanasomeka, kisha ichomoe diski hiyo uiweke mbali na mashine.