Patriot Guard Riders ni akina nani hasa?

Umewahi kuona video ya mazishi Marekani, jeneza limefunikwa bendera alafu nje ya kanisa kuna mapikipiki makubwa yamepangwa, sio hizi za bodaboda, na wazee wa ndevu nyeupe na vizibao vya ngozi wamesimama kimya kila mmoja ameshika bendera? Wengi wanadhani ni jeshi au genge la mapikipiki. Sio jeshi wala sio genge, ni raia wa kujitolea, na kundi kubwa linalojulikana kwa kazi hiyo linaitwa Patriot Guard Riders.

Chanzo chake ni ugomvi. Miaka ya 2005 hivi, vita ya Iraq imepamba moto na majeneza yanarudi nyumbani, kuna kanisa dogo la Topeka, Kansas, linaitwa Westboro Baptist Church, waumini wake wengi ni ukoo wa mchungaji mmoja, Fred Phelps. Hao walikuwa wanakwenda kwenye mazishi ya askari na mabango ya kumshukuru Mungu kwa vifo vyao, eti ni adhabu kwa sababu Marekani inavumilia mashoga. Hebu fikiria mama anamzika mwanae alafu ng'ambo ya barabara kuna watu wanaimba na kushangilia! Ndo waendesha pikipiki wa chama cha maveterani (yaani watu waliowahi kuwa jeshini), American Legion, tawi la mji wa Mulvane hukohuko Kansas wakasema hapana, hii haiwezekani.

Walichofanya ni kitu rahisi sana na nadhani ndo maana kilifanya kazi. Hawakupigana. Walisimama bega kwa bega na bendera kubwa, migongo kwa waandamanaji, ili familia ikishuka kwenye gari ione bendera tu, na kelele zikizidi wanaimba au wanaungurumisha injini mpaka matusi hayasikiki. Yaani ukuta wa watu. Wazo likasambaa nchi nzima haraka mno.

Sasa kanuni kubwa kuliko zote: hawaendi bila kualikwa na familia. Familia ikisema hatutaki, basi. Wakialikwa, kuna kiongozi wa msafara anayepanga nani asimame wapi, wanasindikiza gari la maiti mpaka makaburini alafu wanarudi pembeni, mana ile kazi ya kukunja bendera pembetatu na kumkabidhi mjane, na kupiga tarumbeta, ni ya askari wenye sare, wao hawaigusi. Na hapa watu wengi wanashangaa: kujiunga sio lazima uwe umepita jeshini, na hata pikipiki sio lazima, ukija na gari lako la kawaida unapewa bendera unasimama na wenzio.

Sheria nayo iliingia. 2006 Rais Bush alisaini sheria ya kuwaweka waandamanaji mbali na makaburi ya taifa, kama mita 90, saa moja kabla na saa moja baada ya mazishi. Lakini baba mmoja ambaye mwanae alifia Iraq alipowashtaki Westboro, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani na 2011 majaji 8 kwa 1 wakasema wale watu wana haki ya kusema wanachosema hata kama kinaumiza. Kwahiyo mahakama haikuwazuia, na ule ukuta wa bendera ukaendelea kuwa na kazi.

Siku hizi mazishi mengi wanayokwenda hayana mwandamanaji hata mmoja. Wanasindikiza maveterani wazee, wanapokea askari wanaorudi kutoka vitani, na wanakwenda kuwazika wale wasio na ndugu, kuna maveterani ambao majivu yao yalikaa miaka kwenye stoo za nyumba za mazishi bila mtu kuja kuyachukua. Hapo hakuna familia ya kualika, na mara nyingine hao wa mapikipiki ndo waombolezaji pekee waliofika.