Kijiko kidogo cha kuvulia krapi: ni nini, na hufanyaje kazi

Kijiko cha kuvulia ni chambo bandia: kipande cha shaba au chuma kilichobonyea katikati, chenye tundu kila ncha. Tundu la juu hufungwa mshipi, la chini hubeba ndoana kwa pete ndogo. Si uvumbuzi wa jana. Julio Buel alipewa hataza ya chambo cha namna hii huko Marekani mwaka 1852. Hakina harufu wala ladha, kwa hiyo kazi yote ni ya mwendo na mng'ao. Maji yakipita kwenye ule mbonyeo hukisukuma huku na huku, nacho huyumba na kumeta kama dagaa aliyejeruhiwa.

Vile vidogo hutumika sana Marekani na Kanada kuvua krapi, blugili na jamaa zao, samaki bapa wa maziwa na mabwawa ambao wengi wao hawazidi kiganja kwa mbali. Paketi huandikwa uzito kwa aunsi: 1/32 ni kama gramu 0.9, 1/16 ni gramu 1.8, 1/8 ni gramu 3.5. Krapi ana mdomo mpana, hivyo 1/16 au 1/8 humfaa. Blugili ana kijidomo; mpe 1/32 na ndoana namba 10 au 12. Namba za ndoana hizi huenda kinyume: namba ikikua, ndoana hupungua.

Umbo ndilo la kuchagua kwa makini kuliko rangi. Kijiko chembamba na kipana huzama polepole kikipepea, kizuri kwa samaki wanaosita kula. Kinene na chembamba kwa upana hushuka wima na haraka, kinafaa maji ya mita 6 au zaidi, au kunapokuwa na upepo. Kuhusu rangi, anza na fedha kwenye maji maangavu na dhahabu kwenye maji yenye tope. Maduka yana rangi hamsini, nyingine zimewekwa kumnasa mnunuzi.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kudhani samaki hushika kijiko kinapovutwa. Mara nyingi hushika kinaposhuka au kinapotulia. Wakati wa baridi, ukivua kupitia tundu kwenye barafu ya ziwa lililoganda, inua ncha ya ufito wa kuvulia sentimita 15 hadi 30, kisha ukifuate kijiko chini kwa ncha hiyo bila kuukaza mshipi wala kuulegeza kabisa. Ukiukaza, hakipepei, ukiulegeza, hutajua kama umeguswa. Halafu tulia sekunde tano, hata kumi. Ukiona mshipi umesimama kabla kijiko hakijafika kina ulichozoea, au umelegea ghafla, kuna samaki. Krapi hasa hupenda kupanda na chambo mdomoni, na mshipi uliolegea ndiyo taarifa yake pekee.

Macho ya krapi yamekaa juu, naye hula akielekea juu. Kijiko kikipita chini yake ni kama hakipo. Kiweke nusu mita juu ya kundi. Bila kifaa cha kupima kina, hesabu sekunde tangu kilipogusa maji. Ukipata samaki kwenye hesabu ya nane, rudia nane.

Mshipi uwe mwembamba, wa kuhimili ratili 2 hadi 4, yaani kilo 0.9 hadi 1.8. Mnene hukinyima kijiko chepesi uhuru wa kuyumba, na hakitupiki mbali. Ukivuta upesi mno, kijiko huacha kuyumba na kuanza kuzunguka, na mshipi wote hujisokota. Punguza kasi, kisha funga kiungo kidogo kinachozunguka sentimita 30 juu ya kijiko. Kiungo kikubwa hukilemea.

Samaki wakifuata bila kushika, chomeka funza mmoja au wawili kwenye ndoana. Usirundike, uzito wa nyama huua myumbo. Wengine huondoa ndoana ya ncha tatu na kuweka ya ncha moja, ambayo hainasi sana kwenye majani na humtoka samaki kwa urahisi anaporudishwa majini.

Ukishaguswa, usivute kwa nguvu ghafla. Ngozi ya mdomo wa krapi ni laini kama karatasi na hupasuka. Inua ufito taratibu, endelea kuvuta bila kulegeza, na kwenye maji yasiyo na barafu mchote kwa wavu badala ya kumnyanyua kwa mshipi.