Theosofia sio kuita majini: yanayosemwa kuhusu mihadhara na madarasa ya hekima ya batini

Nikimwambia mtu jioni naenda darasa la Theosofia, yaani mafundisho ya hekima ya batini, ya maana za ndani za dini na maumbile, napata jibu moja kati ya mawili, ama "ndo nini hiyo?" ama anashusha sauti na kuniuliza kama na mimi nimeshaingia kwa wale jamaa. Wale jamaa kina nani, hasemi. Mi nimehudhuria haya madarasa miaka kadhaa sasa, sio mwalimu wala kiongozi, msomaji tu, na yanayosomwa mle siyakubali yote, ila nimechoka kujibu maswali yaleyale mmojammoja kwa kunong'ona kama nimeiba kitu, kwa hiyo leo nayamwaga yote hapa.

"Hao ni Frimasoni"

Hili halifi kwa sababu lina chembe ya ukweli ndani yake. Chama chenyewe, Theosophical Society, kilianzishwa New York mwezi wa Novemba 1875, na waanzilishi wanaotajwa zaidi ni watatu: Helena Petrovna Blavatsky, mama wa Kirusi aliyezaliwa 1831, Henry Steel Olcott, wakili na kanali wa Marekani, na William Quan Judge, wakili kijana mzaliwa wa Ireland. Matawi yao mengi waliyaita loji, neno lilelile la Frimasoni, na mtu akisikia loji basi, hataki kusikia tena. Tena miaka ya mwanzo kabisa walikuwa hata na ishara na maneno ya siri ya kutambuana. Alafu Annie Besant, aliyekuwa rais wa chama toka 1907 mpaka anafariki 1933, alijiunga 1902 na ule Umasoni unaopokea wanaume na wanawake pamoja, na wenzake kadhaa wakamfuata huko. Kwa hiyo sikatai, watu walivuka kutoka huku kwenda kule. Lakini mtu anaweza kuimba kwaya na kucheza mpira, na kwaya haijageuka timu. Leo ukiingia kwenye mhadhara wa wazi hamna kiapo, hamna ngazi, hamna kushikana mikono kwa staili.

Na Illuminati je? Kile kilikuwa kikundi cha siri cha Bavaria, Ujerumani, cha mwaka 1776, kikapigwa marufuku miaka ya 1780 huko. Chama cha Blavatsky kimekuja karibu miaka mia baadaye. Tuendelee.

"Wanamwabudu Shetani, hata gazeti lao liliitwa Lucifer"

Gazeti ni kweli. Blavatsky alilianzisha London 1887 na akaliita hivyo kwa makusudi, manake kwa Kilatini neno hilo ni mleta nuru, ile nyota ya asubuhi, sisi tungesema Zuhura. Alijua fika watu watashtuka, na nadhani alifurahia, alikuwa mama wa kuchokoza huyu, mkali, anavuta sigara siku nzima, haogopi kumuudhi mtu. Miaka kumi baadaye gazeti likabadilishwa jina. Kwa maoni yangu ule uchokozi umewagharimu kuliko walivyofaidika, kwa sababu zaidi ya karne imepita na bado mi naulizwa.

Kuna na ile nembo. Ina nyoka anayejiuma mkia, nyota ya pembe sita, msalaba wa Kimisri wenye kitanzi, na juu alama ya swastika, na hapo watu wanapiga kelele Wanazi hao! Hapana. Alama hiyo iko India kwa Wahindu, Wajaini na Wabuddha tangu zamani za kale, na chama kiliichukua huko. Wanazi wameanza kuitumia kama yao mwaka 1920.

Ila hapa sasa nisimame kidogo, manake kuna dhana potofu inatoka upande wa pili kabisa, kwa wapenzi wa Theosofia wenyewe, kwamba kwenye mambo ya mbari na rangi chama kiko safi hamna cha kuuliza. Kipo. The Secret Doctrine, kitabu kikubwa cha Blavatsky cha 1888, kinaeleza historia ya binadamu kwa mbari kuu saba zinazofuatana, ya tatu anaiweka Lemuria, ya nne Atlantis, mabara anayosema yalizama baharini, na ya tano, yaani ya sasa, anaiita ya Kiaria. Watetezi watakwambia mbari kuu kwake ni hatua za safari ndefu ya binadamu wote, sio rangi ya ngozi, na kwa sehemu kubwa ya kitabu ni kweli ndo maana anayoitumia. Lakini mle ndani kuna sentensi kuhusu baadhi ya watu wa dunia hii ambazo ukizisoma leo zinakuchoma, na huwezi kuzipindisha hata ukijaribu vipi. Na Ujerumani na Austria wapo watu waliozichukua hizo fikra wakazichanganya na ubaguzi wao wakatengeneza kitu kinaitwa Ariosofia. Wakati huohuo lengo la kwanza kabisa la chama ni udugu wa binadamu wote bila kubagua mbari, imani, jinsia, tabaka wala rangi, na Wanazi walipotawala waliyafungia matawi ya Theosofia. Yote mawili yametokea. Mimi darasa nalipima kwa ukurasa huo: tukifika pale, mwongozaji anasimama na kuruhusu watu waseme, au anaruka kurasa tano fasta fasta na kutuambia tusonge mbele? Nimekaa kwenye madarasa ya aina zote mbili. La pili sikumaliza.

"Ni elimu ya siri, mtu wa nje hawezi kuipata"

Neno lenyewe esoteriki limetoka kwenye Kigiriki na maana yake ni kitu cha ndani. Sisi wala hatuhitaji kuhangaika, tuna dhahiri na batini, mtu yeyote aliyekaa kwa mashehe anajua tofauti. Batini sio lazima iwe imefichwa kabatini. Hicho kitabu cha Blavatsky ni juzuu mbili, karibu kurasa 1,500, kimechapishwa tangu 1888 na yeyote anaweza kukifungua. Atakachokutana nacho ni ugumu, ndo ulinzi wenyewe huo. Maneno ya Kisanskriti, ya Kitibeti, ya Kigiriki, ubishi na wanasayansi wa karne ya 19 ambao wengi wao leo hawakumbukwi, na mafumbo ya kitu kinaitwa Beti za Dzyan ambazo yeye anasema ni maandiko ya kale sana, ila wasomi hawajawahi kuiona hiyo nakala anayoisema.

Mfano mdogo. Wanafundisha kwamba mtu ana sehemu saba: mwili, kivuli chake cha ndani, uhai, matamanio, akili yaani manas, utambuzi wa kiroho yaani buddhi, na roho yenyewe yaani atma. Unaweza kuzikariri kwa dakika mbili. Sisi neno manas peke yake tulikaa nalo wiki tatu, kwa sababu wanaligawa mara mbili, kuna akili inayoelekea chini kwenye matamanio na ile inayoelekea juu, na wanasema vita yote ya maisha ya mtu iko pale katikati, na kila mtu darasani akaja na kisa chake cha kugombana na nafsi yake, basi ikawa kama kikao cha familia. Hiyo ndo siri. Imeandikwa wazi ila huielewi kwa kuisoma mwenyewe kitandani.

Kitu kilichofungwa kweli kipo na nisikifiche: tangu 1888 kuna sehemu ya ndani iliyoanzishwa na Blavatsky mwenyewe kwa ajili ya wanachama wanaotaka kuishi kwa masharti, wanaweka ahadi, nyama na pombe wanaacha. Wanaotaka wanaomba wenyewe. Kwenye mhadhara wa wazi hakuna mtu ameniuliza nilikula nini mchana.

"Utafundishwa kusoma mawazo ya watu na kutoka nje ya mwili"

Wanaokuja kwa sababu hii ni wengi kuliko wanavyokiri, na wengi hawarudi wiki ya pili. Lengo la tatu la chama linasema kuchunguza sheria za maumbile zisizoelezeka na nguvu zilizolala ndani ya mtu, kwa hiyo sio kwamba mada haigusiwi. Na Blavatsky mwenyewe alizungukwa na visa vya kengele zinazolia hewani na barua zinazotokea zisikotarajiwa, barua zilizosemwa zimetoka kwa walimu wake wa mbali, Mahatma. Mwaka 1885 chama cha Uingereza cha kutafiti mambo ya ajabu kama hayo, Society for Psychical Research, kilitoa ripoti ya Richard Hodgson iliyomwita tapeli waziwazi. Mwaka 1986 jarida la chama hichohicho likachapisha makala ya Vernon Harrison, mtaalamu wa kukagua nyaraka za kughushi, aliyesema ile ripoti ilikuwa na upendeleo na haistahili kuaminiwa. Watu wa Theosofia wanapenda kuishia hapo wakishangilia. Lakini kusema upelelezi ulifanywa vibaya sio sawa na kusema kengele zililia kweli, au sio?

Cha kuchekesha ni kwamba kitabu chake kidogo kinachopendwa zaidi, The Voice of the Silence cha 1889, sentensi yake ya kwanza kabisa ni onyo kwa wasiojua hatari ya hizo nguvu za chini. Ukiona tangazo linasema jicho la tatu ndani ya wiki tatu, lipia sasa nafasi zinaisha, hiyo ni biashara ya mtu, wala usimtafute Blavatsky mle.

"Ukienda unakuwa umebadili dini"

Hamna kukiri imani yoyote. Kauli mbiu yao inasema hakuna dini iliyo juu ya ukweli, na mwaka 1924 baraza kuu la chama lilipitisha azimio kwamba hakuna fundisho wala mwandishi, kuanzia Blavatsky kushuka chini, ambaye mwanachama analazimika kumkubali. Kuna walioingia wakaishia kuisoma dini yao vizuri zaidi, na kisa kinachojulikana ni cha Gandhi. Mwaka 1889 akiwa mwanafunzi wa sheria London wanatheosofia wawili walimwalika wasome naye Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, kwa tafsiri ya Kiingereza ya Edwin Arnold, akaona aibu, kwa sababu kitabu cha kwao alikuwa hajawahi kukisoma, si kwa Kisanskriti si kwa Kigujarati. Olcott yeye alienda mbali zaidi, mwaka 1880 akiwa Ceylon, Sri Lanka ya leo, na Blavatsky waliapa kuwa Wabuddha hadharani mjini Galle, na mwaka uliofuata akatoa kitabu cha maswali na majibu ya dini hiyo.

Lakini nisikudanganye kwamba hautasikia kitu kinachogongana na imani yako. Karma na kuzaliwa upya vinaongelewa mle kama vile tunaongelea mvua na jua. Mtu wa kanisani au msikitini atakuna kichwa, na ana haki, ainue mkono aulize. Mi nimemuona bibi mmoja mwenye Biblia yake mkononi akimbana msemaji dakika kumi kuhusu ufufuo, na wiki iliyofuata amerudi kukaa mbele.

Alafu karma yenyewe, jamani, sio "umenifanyia ubaya subiri utaona". Wanaielezea kama kurudisha mizani, tendo na matokeo yake, na Blavatsky anasisitiza kwamba mateso ya jirani hayakupi ruhusa ya kukunja mikono eti anavuna alichopanda. Ukimuacha bila msaada, hiyo nayo inaandikwa kwako.

"Wote ni kitu kimoja"

Wapi. Makao makuu ya wale wengi yako Adyar, India, tangu 1882. Mwaka 1895 sehemu kubwa ya Wamarekani walijitenga chini ya Judge. Mwaka 1909 Robert Crosbie akaanzisha Los Angeles kundi la tatu, United Lodge of Theosophists, ambao wasemaji wao kwa kawaida hawatangazwi majina ili usikilize hoja usimwabudu mtu, kitu ambacho binafsi nakipenda sana. Rudolf Steiner aliongoza tawi la Ujerumani toka 1902, wakakosana, akaenda kuanzisha mafundisho yake mwenyewe, Anthroposofia. Kwa hiyo uliza darasa ni la nani kabla hujasema Theosofia inasema hivi au vile. Unavyovisikia kwa mmoja huenda mwenzake anavipinga vikali.

Gharama? Mihadhara mingi ni bure au kikapu kinapita. Usomi? Hauhitajiki, uvumilivu ndo unahitajika. Na kama unaanza usianze na ile juzuu mbili, anza na The Key to Theosophy ya 1889, iko kwa maswali na majibu na muulizaji wake ni mbishi kama wewe.

"Ukiingia hutoki"

Hili naliweka mwisho kwa sababu lina jibu zuri. Mwaka 1909 pale Adyar, Charles Leadbeater, mwandishi wao maarufu, alimuona mtoto wa Kihindi anaitwa Krishnamurti, wakaamini ndiye atakayekuwa mwalimu wa dunia, wakamlea, wakamsomesha, na mwaka 1911 likaanzishwa shirika zima la kumsubiri na yeye ndo kiongozi wake. Tarehe 3 Agosti 1929 huko Ommen, Uholanzi, mbele ya maelfu ya wafuasi na Annie Besant mwenyewe akiwa amekaa pale, akasimama akasema ukweli ni nchi isiyo na njia, na akalivunja shirika lote. Akaondoka. Akaendelea kuhutubia dunia nzima mpaka amefariki 1986 akiwa na miaka 90.

Kama yeye waliyemtengenezea kiti cha mwalimu wa dunia alitoka, basi mimi mwaka juzi nilipotea miezi minane bila kuaga. Niliporudi mama wa maktaba alinikumbuka vizuri tu, akaniuliza kitabu chao kiko wapi.