Je, wajua kwa nini bibi aliyeketi kwenye benchi anaweza kutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito ya muda mrefu?

Katika vijiji vya Kilolo, Makete au Rungwe, kwenye Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, mtu akianza kukesha, kuacha shamba na kujitenga na wenzake, ndugu husema kwamba ana mawazo. Hali ikizidi husemwa kuwa amechanganyikiwa, na hapo huanza safari ya kwa mganga, kisha kwenye maombi, na mara nyingi hospitali huja mwisho kabisa. Hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma, takriban kilomita 260 kwa barabara kutoka Iringa mjini na karibu 600 kutoka Mbeya. Kwa nini basi wataalamu wengi wanataka sehemu kubwa ya tiba hiyo ihamie zahanatini na majumbani, tena mikononi mwa watu ambao hata uuguzi hawakuusomea?

Jibu jepesi ni uhaba wa madaktari, nalo ni la kweli: Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Hata hivyo, kwa maoni yangu jibu hilo linaishia njiani, kwa sababu linaifanya huduma ya kijijini ionekane kama mbadala wa masikini, ilhali yapo mambo katika maradhi haya ambayo daktari wa mbali, hata awe bingwa kiasi gani, hawezi kuyaona.

Dawa mseto ya malaria humezwa kwa siku tatu, na mgonjwa huhisi nafuu mapema. Dawa ya sonona kama amitriptilini huenda kinyume: kinywa hukauka na usingizi mzito humjia mgonjwa tangu siku za mwanzo, lakini moyo wenyewe huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuchangamka. Mgonjwa huonja uchungu wa dawa kabla ya faida yake, na asipokuwa na mtu wa kumweleza hivyo katika wiki ya pili, huiacha. Kwa skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo, mtego ni mwingine, kwani mgonjwa hupata nafuu, akajiona amepona, akaacha dawa, na miezi kadhaa baadaye ugonjwa ukarudi. Dalili za mwanzo, kama vile kutolala, kuacha kuoga na kuongea peke yake njiani, huonwa na jirani kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tuchukue mfano wa mhudumu wa afya ngazi ya jamii huko Makete, asubuhi ya ukungu, anayebisha hodi kwa mama mwenye kijana anayetumia dawa. "Kamwene, mama," anasema, anakaribishwa kigoda karibu na moto, na mazungumzo yanaanzia kwenye viazi. Baadaye anaomba kuiona pakiti ya dawa. Vilitakiwa kubaki vidonge 8, vimebaki 21. Hagombi, anauliza. Mama anaeleza kwamba dawa zinamtia kijana njaa kali, na mwezi huu, kabla ya mavuno, nyumba inakula mara moja tu kwa siku. Mhudumu hana ruhusa ya kubadili dawa, lakini anaweza kumpelekea tabibu wa zahanati taarifa hiyo, ili aamue kama dozi inaweza kumezwa usiku, baada ya ugali. Kwa daktari aliye mbali, taarifa yote hiyo ingefika kwa maneno mawili: mgonjwa mkaidi.

Kuhusu benchi lenyewe, asili yake ni Zimbabwe. Daktari wa akili Dixon Chibanda amesimulia jinsi mgonjwa wake mmoja alivyojitoa uhai baada ya kushindwa kurudi kliniki kwa kukosa dola 15 za nauli. Mwaka 2006, katika kitongoji cha Mbare, Harare, alianza kuwafundisha kina bibi 14 waliokuwa tayari wahudumu wa afya wa mtaa. Mgonjwa hukaa na bibi kwenye benchi nje ya kliniki, huulizwa maswali 14 ya ndiyo au hapana, kisha hutaja matatizo yake yote, huchagua moja, na kupanga hatua ndogo anayoweza kuichukua wiki hiyo. Neno sonona halitajwi. Wao husema "kufungisisa", yaani kuwaza kupita kiasi, na kwa msemaji wa Kiswahili aliyezoea "ana mawazo" neno hilo halihitaji kutafsiriwa kwa kirefu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016, lenye washiriki 573, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita takriban 14 katika kila 100 waliopita kwenye benchi walikuwa bado na dalili za sonona, dhidi ya 50 katika kila 100 waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Malawi, ng'ambo tu ya Kyela, na hata Zanzibar.

Nyanda za Juu Kusini zina mahali pa kuliweka benchi la namna hiyo bila kujenga jengo jipya. Utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa watu wazima wa Njombe ni asilimia 12.7, ya juu kuliko mkoa mwingine wowote, na Iringa na Mbeya haziko mbali. Wanaoishi na virusi hupatwa na sonona kuliko wengine, na sonona hudhoofisha umezaji wa dawa. Nao tayari wanahudhuria kliniki za CTC, yaani za huduma na tiba kwa wanaoishi na virusi hivyo, kwa tarehe zinazojulikana. Waganga wa jadi nao wasisahaulike. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 ulikuta matatizo ya kawaida ya akili kwa asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga, dhidi ya 24 katika vituo vya afya.

Bibi wa benchi hamtibu kila mtu. Anayesema anataka kufa, anayesikia sauti au aliyeacha kula hupewa rufaa siku hiyohiyo, na bibi mwenyewe husimamiwa na wataalamu. Aidha, mhudumu wa Makete akikuta kabati la zahanati halina dawa mwezi wa pili mfululizo, atakachokuwa nacho cha kumpelekea yule mama ni salamu tu, na safari ya tatu huenda asiifunge.