Pedali ya fazi haijaharibika: dhana potofu kuhusu fazi na glichi

Mara ya kwanza kuiwasha pedali yangu ya fazi, kiboksi cha kukanyaga kinachoikwaruza sauti ya gitaa kwa makusudi, kwenye mazoezi ya bendi, fundi mitambo alitoka mbio nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, akachomoa jeki ya gitaa langu, akaipuliza na kuirudisha. “Waya wako umekufa, kaka.” Nikaikanyaga pedali, taa ikazima, sauti ikawa safi. Nikaikanyaga tena, mkoromo ukarudi. Simlaumu hata kidogo. Sauti hii kweli ilizaliwa na hitilafu, na hapo ndipo dhana nyingi potofu zinapoanzia.

Iliyoenea kuliko zote ni kwamba fazi inapasua spika. Tazama kinachotokea ndani ya kiboksi. Transista, kifaa kidogo cha kukuza umeme, hukuza mawimbi ya nyuzi mpaka yanagota kwenye kikomo cha zile volti 9 za betri. Yakigota, vichwa vyake hukatwa, na wimbi la mviringo linakuwa karibu na mraba. Kona za mraba huo ndizo zinazoleta ule mkwaruzo. Yote hayo yamekwisha kabla sauti haijafika kwenye ampu (kikuza sauti), na spika inatoa tu ilichopewa. Kinachoua spika ni nguvu kuzidi uwezo wake. Tahadhari ya kweli ni moja: wimbi lililokatwa kichwa hubeba nguvu nyingi kwa wastani kuliko sauti safi yenye kilele kilekile, kwa hiyo anza na voliumu ya chini, kisha panda taratibu.

Mpiga gitaa Jimi Hendrix ndiye aliyeianzisha fazi? Hapana. Mjini Nashville, Marekani, wakirekodi wimbo wa mwimbaji Marty Robbins “Don’t Worry” uliotoka 1961, solo ya besi ya mpiga gitaa Grady Martin ilipita kwenye chaneli ya mikisa iliyokuwa na transfoma mbovu. Ikatoka ikikoroma, nao wakaiacha hivyohivyo. Fundi sauti Glenn Snoddy akatafuta njia ya kuupata mkoromo ule kwa makusudi, na mwaka 1962 kampuni ya magitaa ya Gibson wakauza saketi hiyo kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Ilipata umaarufu hasa 1965, bendi ya Rolling Stones walipoitumia kwenye “Satisfaction”. Fuzz Face, ile pedali ya duara ambayo Hendrix aliipenda, ilitoka London mwaka 1966.

Linaloniuma zaidi ni kusikia kwamba hizi ni kelele za Wazungu, sikio letu halizijui. Zambia ya miaka ya 1970 ilikuwa na muziki wake kamili wa fazi, Zamrock, wenye bendi kama WITCH na Amanaz. Kinshasa, bendi ya Konono N°1 walipitisha likembe, ala ya vibao vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, kwenye maikrofoni na vikuza sauti vya kuundwa kwa mikono, na mpasuko uliotoka wakaufanya sehemu ya muziki wao. Na kabla ya umeme wowote, Wagogo wa Dodoma walikuwa wakiziba tundu la ilimba, ala yao ya jamii ya likembe, kwa utando wa buibui ili kila noti itoke na mvumo. Mzee anayepiga ilimba hawezi kukuuliza kwa nini sauti inakwaruza. Utando ukichanika, anatafuta mwingine.

Glichi, yaani sauti inayovurugwa kwa makusudi kama mashine iliyokosea, nayo inaambiwa ni bahati nasibu, haina ufundi. Ukweli ni kwamba nyuma yake kuna hesabu. Sauti ya CD hukatwa vipande 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikipimwa kwa ngazi 65,536, yaani biti 16. Shusha hadi biti 4, zinabaki ngazi 16 tu, na noti inaanza kusikika kama mchezo wa zamani wa video. Shusha vipande viwe 8,000 bila kuchuja, na kila mlio wa juu ya hezi 4,000 unakunjika na kurudi chini kama noti isiyomo kwenye skeli yako. Vivyo hivyo pedali za zamani za oktava ya chini, zinazotoa noti ileile kwa sauti nzito zaidi: saketi inahesabu mizunguko ya wimbi na kuigawa kwa mbili. Ukiipa noti moja safi, inakufuata. Ukiipa mbili kwa pamoja, hesabu inapotea, sauti inarukaruka. Mpigaji ndiye anayeamua lini aichanganye, na hilo linahitaji mkono uliotulia.

Wengine hudhani kila nobu, yaani kitufe cha kuzungusha, ina kazi yake peke yake. Ishike pedali ya Fuzz Factory ya kampuni ya ZVEX, ya Minneapolis, Marekani, yenye nobu tano. Punguza ile iitwayo Stab, na kwa mpangilio fulani pedali inaanza kuimba yenyewe, hujagusa uzi. Izungushe kidogo, mlio unapanda au kushuka. Sasa gusa nobu ya Drive: kila kitu kimebadilika. Hapa unajifunza mahusiano ya nobu zote tano, kwa saa nyingi za kusikiliza.

Kuhusu dhana kwamba transista za gerimani ni bora daima kuliko za silikoni (ni malighafi mbili za kutengenezea transista), muulize anayepiga Dar es Salaam mwezi Januari. Gerimani huvujisha umeme kadiri joto linavyopanda. Ya kwangu asubuhi ni nene na tamu; saa nane mchana, jukwaa likiwa juani, inakabwa na kukatakata. Ya silikoni haitikisiki hivyo, na kwa maonyesho ya mchana ndiyo ninayobeba.

Dhana ya mwisho ni kwamba fazi haina sauti ya taratibu. Iweke pedali ya aina ya Fuzz Face ya kwanza kabisa baada ya gitaa, bila pedali nyingine katikati, kisha rudisha voliumu ya gitaa lenyewe mpaka 3. Mkoromo unayeyuka, inabaki sauti angavu ya kengele. Kidole kimoja kikisukuma nobu ile hadi 10, unaingia kwenye solo bila kukanyaga kitu.