Kukusanya nyimbo za jadi sio kurekodi tu

Jamani, hili la "mimi ni mkusanyaji wa nyimbo za jadi" limezidi sasa. Mtu kashika simu, kamrekodi bibi dakika mbili, kaposti, basi tayari mkusanyaji. Kukusanya ni kuuchukua wimbo pamoja na habari zake, yaani nani kaimba, alifundishwa na nani, ulikuwa unaimbwa wakati gani, na ameuimbaje. Maana yenyewe ndio hiyo.

Hapo kwenye "ameuimbaje" ndipo watu wanapoharibu. Chukua Waakadia wa kisiwa cha Prince Edward kule Kanada, wanaoongea Kifaransa, mababu zao walitoka Ufaransa karne ya 17, alafu mwaka 1758 Waingereza wakawafukuza hapo kisiwani watu kama 3,000 hivi, waliojificha na waliorudi baadaye ndio wakaanza upya. Nyimbo zao nyingi zilikaa vichwani mwa watu. Miaka ya 1970 Georges Arsenault, mzaliwa wa hapo hapo, akawa anawafuata wazee na kuwarekodi, na zilizopatikana sio za kale kutoka Ufaransa peke yake, kuna zilizotungwa pale pale kisiwani, hasa za majonzi, kama ule unaomhusu Xavier Gallant aliyemuua mkewe mwaka 1812.

Sasa nyimbo za namna hii zinapita mdomo kwa mdomo, kwahiyo huyu ana ubeti ambao yule hana, huyu anataja jina lingine, yule sauti anaipandisha pale mwenzake anaposhusha. Mtu mwenye haraka anaona mmoja wao kakosea, anachukua kipande huku na kipande kule anatoa wimbo "sahihi", na hilo linaniudhi kweli, maana huo sasa ni wimbo ambao hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuuimba! Wote wawili wako sawa, unaandika wote wawili.

Na muziki wa kucheza ni hivyo hivyo. Mpiga fidla wa Kiakadia anapiga akiwa amekaa kwenye kiti huku miguu yote miwili inagonga sakafu, ile miguu ndio ngoma yake, alafu anakuja mtu na maiki anamwambia mzee tulia miguu, inaleta kelele. Umeshamkata nusu ya muziki. Wengine wanaruka kabisa midundo yenye asili ya Uskoti eti sio ya Kifaransa, wakati Waakadia wameishi na majirani Waskoti miaka yote na wameicheza kwenye harusi zao.

Kurekodi kwa simu sio vibaya, tafadhali endelea, ila kwa sasa sema tu umerekodi. Ukitaka iwe ukusanyaji rudi kwa yule bibi, mtaje jina akikuruhusu, muulize wimbo alifundishwa na nani, na muache aimbe mpaka mwisho.