Ukaguzi wa wahamiaji: ufanyike wapi?

Ukaguzi wa wahamiaji ni hatua ambayo maofisa wa nchi humchunguza mgeni anayetaka kuhamia kwao, yaani afya yake, nyaraka zake na uwezo wake wa kujikimu, kabla ya kumruhusu kuingia. Nchini Marekani, mabishano makubwa yalihusu mahali pa kuufanyia: ni bandari anayofikia mhamiaji, au ni huko kwao, kabla hajapanda meli?

Sheria ya mwaka 1891 ilichagua bandari ya kufikia, na kituo cha kisiwa cha Ellis Island, bandarini New York, kikafunguliwa tarehe 1 Januari 1892. Abiria wa madaraja ya juu walikaguliwa ndani ya meli, ilhali wale wa daraja la chini walivushwa hadi kisiwani, ambako daktari aliwabinua kope kutafuta trakoma, ugonjwa wa macho wa kuambukiza, na aliyetiliwa shaka akaandikwa herufi kwa chaki kwenye nguo yake. Waliorudishwa walikuwa wachache, takriban wawili katika kila mia. Lakini aliyerudishwa huenda alikuwa amekwisha kuuza shamba na kuvuka bahari, na pengine mkewe na watoto walikuwa wamekubaliwa huku yeye amekataliwa.

Mwaka huohuo wa 1892 kipindupindu kiliua zaidi ya watu 8,000 mjini Hamburg, Ujerumani, na kikafika New York kwa meli. Waliotaka ukaguzi wa ng'ambo wakapata hoja nzito: ugonjwa uzuiwe kabla haujapanda melini, na maskini aepushwe na safari ya bure. Wapinzani wao walijibu kwamba makonsuli, yaani maofisa wanaoiwakilisha Marekani katika miji ya ng'ambo, walikuwa wachache mno kuchunguza maelfu ya watu, na kwamba serikali za Ulaya zisingependa maofisa wa kigeni waamue mambo katika bandari zao.

Ufumbuzi wa kwanza ulikuwa kuzibebesha kampuni za meli mzigo huo. Zililazimika kumrudisha aliyekataliwa kwa gharama zao, na kuanzia 1903 zilitozwa faini ya dola 100 kwa kila abiria aliyekutwa na ugonjwa wa kuambukiza ambao ungeweza kugunduliwa alipokuwa akipanda. Hapo kampuni zenyewe zikaanza kuwachuja abiria Ulaya, kwa hofu ya hasara.

Sheria ya mwaka 1924 ilihamishia sehemu kubwa ya uamuzi kwa makonsuli, kwa kumtaka kila mhamiaji awe na viza kabla ya kusafiri. Kwa maoni yangu, faida ya kumwepusha mtu na safari ya bure ni ya kweli kabisa, ila ilikuwa na gharama isiyotajwa sana. Aliyekataliwa kisiwani aliweza kusikilizwa na baraza maalumu na, mara nyingi, kukata rufaa Washington. Aliyenyimwa viza na konsuli hakuwa na mahakama ya kumsikiliza.